Pumzi Kumi na Nane

Namba ilikuwa palepale alipoiacha, kwenye skrini ya kompyuta, safu ya pumzi, saa moja na nusu asubuhi: 18. Mbele yake herufi za jina lake. Sasa ilikuwa saa tano kasorobo, na Corinne alikuwa amesimama kando ya kitanda cha Bwana Lindahl, akitazama mara saa yake, mara kifua cha mzee kilichopanda na kushuka kama cha mtu anayekimbizwa. Dakika ilipotimia alikuwa amefika ishirini na nane.



Asubuhi hakuhesabu. Alikuwa na wagonjwa wanne, sinia za chai zilikuwa zinapita, na Odessa, muuguzi aliyemsimamia, alikuwa akimwita kutoka koridoni. Presha, joto, mapigo ya moyo, hivyo vyote mashine ilimsomea. Pumzi ndizo zinazomtaka mtu asimame dakika nzima, atazame, tena kimyakimya, kwa sababu mgonjwa akijua anatazamwa huanza kupumua kwa madaha. Alimtupia mzee jicho, akamwona hai, akaandika kumi na nane. Kumi na nane ni pumzi za mtu mzima mwenye afya, namba isiyogombana na mtu.

Na kuhesabu ndiko kulikokuwa kazi yake! Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya muziki. Miaka minne alisimama nyuma ya okestra, mbele ya ngoma zake kubwa za shaba, akihesabu kimya: mapigo mia moja na ishirini ya kutofanya lolote, ili apige mara moja tu, mahali penyewe. Kisha mama yake akalazwa, na muuguzi mmoja akasikia katika pumzi zake jambo ambalo wote waliotangulia hawakulisikia. Mama alirudi nyumbani. Corinne akazifunika ngoma kwa shuka, akaomba nafasi katika kozi ya uzamili wa uuguzi, ile inayowapokea waliosomea mambo mengine kabisa. Darasani kwao mlikuwa na mwanasheria, mwalimu wa jiografia na mpishi wa keki. Wiki ya kwanza mkufunzi aliwaambia neno moja bila kupandisha sauti: atakayeandika kipimo ambacho hakukipima, safari yake itaishia hapo.

Corinne alitoka mbio.

"Odessa! Bwana Lindahl ana pumzi ishirini na nane. Oksijeni imeshuka, tisini na moja."

Odessa Tibbs aliinua uso kutoka kwenye kahawa yake. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya shanga, na ndiye aliyekabidhiwa Corinne wodini. "Umehesabu vizuri, Bibi Ngoma, au umepiga solo?"

"Dakika nzima."

Kahawa ikabaki mezani. Odessa alianza hospitalini hapo kwa kufua mashuka, na miaka tisa ilipita kabla hajaitwa muuguzi. Kila siku alimkumbusha: "Wewe miezi kumi na mitano tu, halafu uje unipangie kazi na uzamili wako!" Lakini sasa hakutania. Alimwinua mzee akae, akamvalisha barakoa ya oksijeni, akampigia daktari simu.

Daktari Iyer alifika na theluji mabegani, akaenda moja kwa moja kwenye skrini. "Asubuhi kumi na nane, sasa ishirini na nane. Na siku mbili tu tangu tumbadilishie nyonga. Ghafla namna hii, hilo ni bonge la damu kwenye pafu. Tusingoje picha ya kifua. Mpeni dawa ya kuzuia damu kuganda."

"Kidonda bado kibichi, Daktari," alisema Odessa. "Kinaweza kuvuja damu."

"Najua. Ndiyo maana nimeangalia namba."

Odessa akageuka kuelekea kabati la dawa. Corinne alihisi kimya kile cha zamani kikimzunguka, na mapigo yakipita moja baada ya jingine. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Bonge linaweza kuwapo kweli. Linaweza pia lisiwepo.

"Ile ya asubuhi sikuihesabu."

Daktari akageuka. "Unasemaje?"

"Kumi na nane. Niliiandika tu. Sijui alikuwa anapumuaje."

Odessa alisimama, mkono kwenye kitasa cha kabati. Daktari alimgeukia mgonjwa. "Bwana Lindahl, hii pumzi imeanza kukusumbua lini?"

"Tangu jana mchana," mzee alijibu, akimega maneno. "Nilidhani ni ile kabichi yenu. Sikutaka kuwapa tabu wasichana."

Daktari aliweka stethoskopu mgongoni mwake, chini, juu, chini tena. Akasikiliza muda mrefu. "Kuna maji humu, na hayakuja ghafla. Basi tusikimbilie. Picha kwanza, dawa baadaye." Alipopita mlangoni alimtazama Corinne, akatoka.

Walipobaki wawili mbele ya kompyuta ya koridoni, Odessa alivuta fomu ya makosa. "Unajua lazima niipeleke chuoni kwenu."

"Najua."

"Ungekaa kimya, mwanangu."

"Najua."

Odessa aliteremsha ukurasa kwenye skrini ili anakili saa. Safu ya pumzi ikashuka pamoja nao. Alfajiri, 18. Saa nne usiku, 18. Jana saa kumi jioni, 18, na mbele yake herufi mbili: O.T.

Corinne aliangalia dirishani haraka, lakini alikuwa amechelewa. Odessa alimwona akiona.

Fomu ilikuwa na mistari miwili ya majina ya waliokosea. Odessa aliandika jina la Corinne kwenye wa kwanza, polepole, kwa herufi za kuchapa. Kisha kalamu ikasimama juu ya mstari wa pili, ikakaa hapo.

"Nenda kwa mzee," alisema bila kuinua uso. "Usimwache peke yake mpaka waje kumchukua."

Corinne alirudi, akashika kifundo cha mkono wa Bwana Lindahl kana kwamba anapima mapigo, ili mzee asijue anatazamwa kifua. Mshale wa saa ukagusa juu. Moja. Mbili. Nyuma yake, kupitia mlango ulioachwa wazi, alisikia kalamu ikianza kukwaruza karatasi. Hakugeuka. Tatu.