Gia ya Babu na Picha Yenye Chenga

Haya, nitegulie hiki, na usikimbilie jibu: ni kitu gani, ukikisawazisha sawasawa ndipo kinapoyumba? Hujui? Hata mimi sikujua. Keti basi.

Mjukuu wangu mchana anauza kwenye duka la dawa, usiku yuko uani na darubini yake, anapiga picha za mbinguni. Mume wangu humwita mchumba. Mimi namwita mke mwenzangu, maana tangu darubini hiyo iingie nyumbani, mzee hana habari nami tena. Stendi ya darubini mzee ndiye aliyemtengenezea. Alikuwa mkereza vyuma miaka thelathini na moja, na ile gia inayoizungusha darubini polepole ifuate nyota aliichonga mwenyewe, jino kwa jino.

Sasa picha zikawa mbaya. Nyota, badala ya kuwa nukta, zikatoka ndefu kama punje za mchele. Mke mwenzangu akafupisha muda, akawa anapiga picha za sekunde kumi tu. Nyota zikawa nukta kweli, lakini picha ikajaa chenga, kama televisheni ya zamani mvua ikinyesha.

"Mchele umepata, chenga umepata," nikamwambia. "Bado kutia maji."

"Bibi, usinichekeshe, mwenzio nalia."

Akafunika lenzi kwa kifuniko chake, akapiga picha ishirini za giza tupu. Nikajua akili zimemruka.

"Hapa nanasa chenga peke yake," akasema, "halafu kompyuta izitoe kwenye picha yenyewe. Kama unavyopepeta."

Hapo nikamwelewa. Chenga zilipungua, hazikuisha. Na ile kamera ndogo ya pembeni, inayoikodolea macho nyota moja na kuiambia mota ya gia irekebishe mwendo, ikawa inaamuru kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mlevi anayetafuta mlango.

Maonyesho ya klabu yao ya wapiga picha za nyota yalikuwa Jumamosi. Jumatano mwenyekiti wa klabu akaja, akatazama, akasema, "Gia ya kuchonga nyumbani hii. Nitakuazima stendi ya kiwandani."

Babu alikuwa kitini, kikombe mkononi. Mgeni alipotoka, akauliza taratibu:

"Mchumba, gia yangu mbovu?"

Mtoto akainama, akajifanya anakunja waya. Babu akaingia ndani na chai yake haijapungua hata funda moja.

Alhamisi Babu hakuja uani kabisa. Nilimkuta ndani anafuta bisibisi zake na kuzirudisha kwenye boksi moja moja, kama mtu anayefunga duka.

Ijumaa jioni ukavuma upepo. Mlango wetu wa uani komeo lake limelegea, upepo ukija linagonga: ko, ko, ko. Nikatundika mfuko wangu wa vitunguu kwenye kitasa, kama siku zote. Kimya. Mke mwenzangu akageuka.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimeuelemeza. Ukiegemea upande mmoja hauna pa kuchezea."

Akautoa mfuko. Ko, ko. Akaurudisha. Kimya. Mbio hadi kwenye darubini.

"Nimeisawazisha mno! Nimepima mpaka haielemei popote! Kila gia ina mwanya wake kati ya meno, Bibi, hata ya kiwandani. Meno haya yanaelea tu, hayajui yaegemee wapi!"

Akasogeza uzani wa chuma unaoisawazisha darubini, upana wa kidole tu, ielemee upande mmoja. Kitendawili chako ndicho hicho, umeshakitegua.

Usiku upepo ulitulia, na kamera ndogo nayo ikaacha ulevi wake. Akapiga picha ya dakika tano, nyota nukta tupu. Akapiga nyingine, na nyingine, mpaka alfajiri, kisha akazilaza zote moja juu ya mwenzake kwenye kompyuta. Chenga zikafifia, na katikati likajitokeza wingu jekundu, laini kama pamba.

Asubuhi Babu alikuwa anafunga viatu. Mjukuu wake akamwekea picha magotini. Mzee akaitazama sana.

"Stendi ya mwenyekiti nzuri," akasema.

"Ya mwenyekiti haijaja. Hii ni yako." Akachuchumaa mbele yake, akamalizia kumfunga kamba ya kiatu. "Uliniuliza Jumatano, nikanyamaza. Gia si mbovu, Babu. Mbovu alikuwa mchumba wako."