Wakili wa Seremala

Askari walipokuja kumkamata Seremala, mke wake alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Upande mmoja ulikuwa umeshasukwa, upande wa pili nywele zimesimama, na mteja akabaki hivyohivyo kitini mbele ya kioo, anamtazama Msusi akitoka mbio na chanuo mkononi. Alipofika nyumbani alikuta mlango wazi. Mumewe alikuwa ameshapandishwa gari. Mama mkwe wake alisimama uani ameshika kichwa kwa mikono miwili, mdomo wazi, sauti haitoki.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeshajua. Mwenzake Seremala katika karakana, mtu waliyemwita Mrefu kwa sababu alikuwa mfupi, alikutwa asubuhi amekufa kando ya benchi la kazi, kichwa kimepasuka. Majirani wa karakana walisema jioni iliyotangulia waliwasikia wawili hao wakigombana. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu ujana. Walitumia msumeno mmoja, walihudumia wateja walewale, na wake zao waliazimana hata chumvi. Jioni ile Msusi alipofunga saluni na kurudi nyumbani, alimkuta mumewe ameshaoga, hataki chakula, amelala ameelekea ukutani. Alidhani ni uchovu.

Habari ikiingia saluni haitoki peke yake, huondoka na ushauri. Kila mteja alikuja na wakili wake. Mmoja alisema chukua wakili mzee, majaji watamstahi. Mwingine akasema mzee atasinzia, chukua kijana mwenye njaa. Wa tatu alimsifu wakili aliyemwokoa shemeji yake, na alipoulizwa vizuri ikaonekana ilikuwa kesi ya talaka. Lakini jina lililorudi kila mara lilikuwa la mtu mmoja, waliyemwita Funguo, kwa sababu, walisema, hakuna gereza lililomshinda kufungua.

Msusi akaenda kwa Funguo pamoja na mama mkwe wake. Ofisi ilikuwa na zulia lililomeza nyayo na baridi ya mashine iliyowafanya wajikunyate kwenye viti. Ukutani kulikuwa na picha za Funguo akipeana mikono na watu. Mwenyewe aliwasikiliza huku akijibu simu mbili kwa zamu. Walipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Jioni ile mumeo alikuwa wapi?"

"Karakana," Msusi akasema. "Halafu akaja nyumbani."

"Hapana." Funguo alitabasamu kama mtu anayemrekebisha mtoto hesabu. "Alikuwa nyumbani tangu alasiri. Alikuwa anaumwa tumbo. Wewe ulimwona, na mama alimwona. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," mama mkwe akajibu haraka.

"Mimi alasiri nilikuwa saluni. Watu waliniona," Msusi akasema.

"Watu husahau," Funguo akasema, na simu moja ikaita.

Nje, mama mkwe alimshukuru Mungu kwa sauti. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alitembea bila kuburuta miguu. "Huyo ndiye. Mtu ana jibu kabla hujamaliza kuuliza."

"Hakuuliza hata jina la marehemu, mama."

"Marehemu si mteja wake."

Usingizi ulimkimbia Msusi, na kazini vidole vikawa vinapoteza hesabu ya mistari. Mteja mmoja aliliona hilo. Alikuwa mwanamke muuza vyombo ambaye watu walimwita Mama Sufuria, na mwanawe alikuwa gerezani kwa wizi wa kutumia nguvu. Hakutoa ushauri kama wengine. Alingoja saluni ibaki watu wawili, ndipo akamwambia kuna wakili mmoja mwanamke, ofisi yake iko juu ya duka la magodoro.

"Ndiye aliyemtetea mwanangu."

"Lakini mwanao amefungwa."

"Amefungwa. Alishindwa."

"Sasa unanipelekaje kwa mtu aliyeshindwa?"

Mama Sufuria aligeuza shingo, ingawa alikuwa akisukwa. "Kwa sababu wa kwanza niliyemchukua aliniahidi mbingu, halafu nikimpigia, simu inaita mpaka inachoka yenyewe. Huyu mama aliniambia siku ya kwanza kwamba huenda tukashindwa. Na kila siku ya kesi nilimkuta mahakamani kabla yangu. Mwanangu alifungwa, lakini hakufungwa kama mbwa."

Ngazi za kwenda kwa yule wakili zilikuwa zimepangwa magodoro mpaka juu, mtu alipanda ubavuubavu. Msusi na mama mkwe walimkuta amevua viatu chini ya meza, anashona kifungo cha joho lake. Hakuliweka chini mpaka alipokata uzi kwa meno. Kisha akaanza kuuliza, na maswali yake hayakuwa na huruma wala haraka. Nani aliukuta mwili? Seremala amesema chochote polisi? Ametia sahihi mahali? Ugomvi ulikuwa wa nini? Walipomjibu hawajui, aliandika hawajui.

"Na wewe," akamwambia Msusi, "mumeo amewahi kukupiga?"

Mama mkwe akadakia, "Hilo linahusu nini?"

"Upande wa mashtaka watataka kumwonyesha kuwa mtu wa hasira. Afadhali nijue leo kuliko nije nilisikie kule."

"Mara moja," Msusi akasema. "Zamani. Aliomba msamaha."

Wakili aliandika na hilo.

"Utamtoa?" mama mkwe akauliza.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijaonana naye, mama. Daktari akisema mgonjwa atapona kabla hajamwona, wewe utamwita nani?"

"Mganga," mama mkwe akasema, na hakucheka, ila wakili alicheka kidogo.

Walianza kugombana kabla hawajamaliza ngazi. Mama mkwe alisema mtu anayezama hachagui kamba. Msusi akasema kamba ikiwa imeoza, anayeivuta anazama naye. Mama mkwe akasimama kati ya magodoro, pumzi zinampanda. "Sema tu kwamba hutaki kusimama ukamtetea mumeo. Sema. Mimi nilimzaa. Ningeapa hata kwamba alikuwa bado tumboni mwangu."

Msusi alimpenda sana kwa maneno hayo, na aliyaogopa.

Siku ya kuonana na mahabusu alikwenda peke yake. Walitenganishwa na wavu, na watu wengine kulia na kushoto walikuwa wakipiga kelele kusikilizana, kwa hiyo nao ikabidi wapaze sauti kwa mambo ambayo watu huyanong'ona. Seremala alikuwa amekonda usoni. Vumbi la mbao, ambalo miaka yote halikuwahi kumtoka kwenye nyusi, lilikuwa limetoka.

"Mama anamtaka Funguo," Msusi akasema. "Anataka tuseme ulikuwa nyumbani tangu alasiri."

"Useme wewe?"

"Mimi na mama."

"Mbele ya mke wa Mrefu?"

"Atakuwapo. Lazima atakuwapo."

Seremala aliingiza vidole kwenye matundu ya wavu, akavitoa. "Huyo mwingine anasemaje?"

"Anasema hajui kama atakutoa. Anataka wewe mwenyewe umwambie ilivyokuwa."

"Mlete huyo."

"Chagua vizuri. Shingo ni yako."

"Nimekwambia mlete huyo," Seremala akasema.

Basi akaajiriwa yule mama wa juu ya magodoro. Alimsomea Msusi mapatano yao neno kwa neno, akamweleza kazi atakayoifanya na ile asiyoweza kuifanya, na malipo wakakubaliana yawe kidogokidogo. Alimkataza kuzungumza habari za kesi saluni, hata kwa kutikisa kichwa. Kisha akaenda mahabusu, akakaa na Seremala muda mrefu. Alipotoka Msusi alikuwa anamngoja getini.

"Amesema nini?"

"Hayo ni yake. Akitaka atakwambia mwenyewe."

"Lakini mimi ndiye niliyekuchukua!"

"Ni kweli. Ila mteja wangu ni yeye."

Hilo ndilo lililomtesa Msusi kuliko yote. Miezi ile yote aliishi na mlango uliofungwa, na mwenye ufunguo alikuwa mtu wa nje. Kwenye wavu mumewe aliuliza habari za nyumba, za paa linalovuja, za mama. Hakugusa jioni ile, naye Msusi hakuthubutu kuigusa.

Aliisikia mahakamani, pamoja na watu wote. Seremala alisimama kizimbani akasema Mrefu aliuza mbao za mteja bila kumwambia, wakatukanana, naye akamtupia nyundo ya mbao iliyokuwa mkononi. Ilimpata shavuni. Mrefu aliyumba, akaanguka, kisogo kikapiga jiliwa, lile koleo kubwa la chuma lililofungwa kwenye benchi. Hakukusudia kumuua. Hapo wakili wake alimwongoza polepole, na kwa mara ya kwanza Msusi aliona majirani wakiinamisha vichwa badala ya kunong'ona.

Halafu mwendesha mashtaka akainuka.

"Alipoanguka, alikuwa amekufa?"

"Sijui. Alikuwa anakoroma."

"Anakoroma. Kwa hiyo anapumua. Ukafanya nini?"

"Nilimshika kichwa, nikaona damu. Nikafunga mlango, nikaenda nyumbani."

Daktari alikuwa ameshatoa ushahidi kwamba Mrefu hakufa papo hapo, kwamba aliendelea kuvuja damu ndani ya kichwa kwa saa kadhaa. Huenda angepona, huenda asingepona. Mke wa Mrefu alitoa sauti moja fupi, kama mtu aliyekanyaga mwiba, kisha akafunika uso. Msusi alitaka kumwendea. Akabaki benchini kwake.

Jaji alikubali kwamba haikuwa kuua kwa kukusudia. Wakili alipigania hilo mpaka sauti ikamkauka, akampinga shahidi aliyedai kusikia vitisho, akaonyesha kwamba alikokuwa amesimama asingesikia neno. Lakini kwa kumwacha mwenzake afe nyuma ya mlango uliofungwa, jaji alisema, adhabu haiwezi kuwa nyepesi. Seremala akapewa miaka tisa.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mama mkwe alitembea mbele. Walipoingia ndani alikaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Jioni ile wewe ulikuwa hujarudi," akasema. "Alikuja na shati lina damu. Akaniambia amejikata. Nikalifua, mwanangu. Nikalisugua mpaka likatakata, nikamwambia nenda kaoge."

Msusi alikaa karibu naye.

"Saa ile yule mtoto wa watu alikuwa bado anakoroma. Ningeuliza neno moja tu, tungekimbia tukamkuta." Akageuka, macho makavu. "Yule Funguo asingeniacha nisikie haya. Angewafunga mdomo wote, nikafa bila kujua. Wewe umenileta mpaka pale, ukanikalisha, nikasikia."

"Mama..."

"Sikulaumu. Lakini usinikaribie kwa sasa."

Baada ya siku chache alihamia kwa binti yake. Aliaga vizuri, akachukua kitanda chake, akaacha sufuria zote.

Wakili alikuja tena kwa ajili ya rufaa. Alisema kuna hoja kuhusu ukubwa wa adhabu, si nyingi, lakini zipo, na muda unakwenda. Walikwenda gerezani pamoja. Seremala aliwasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Sitaki."

"Hutaki?" Msusi akasema. "Na mimi?"

"Mke wa Mrefu ataitwa tena akae pale asikilize. Sitaki."

Ndipo Msusi alipokasirika, baada ya miezi yote ile. Alimwambia kwamba huruma yake kwa mke wa Mrefu imechelewa mno, kwamba huruma ile ingefaa jioni ile, mlango ukiwa bado wazi. Alisema mbele ya askari na wageni wote, na hakuna aliyemnyamazisha. Seremala alilia bila kufuta machozi. Wakili alisimama kando, mkoba kifuani, akitazama sakafu.

Walitoka pamoja hadi barabarani. Wakili alimwambia uamuzi ni wa mteja, hana la kufanya, ila Seremala akibadili nia siku zilizobaki za rufaa, wampigie simu hata asubuhi mapema. Msusi akaitikia. Walipeana mikono, kila mmoja akashika njia yake. Saluni Msusi alimkuta mteja mmoja tu, mgeni wa mtaa, asiyejua habari zake. Alinawa mikono, akamwuliza anataka mtindo gani, akaanza kumchana.