Aliyesikika Ngazini

Mama Ngazi anadai kwamba baba yangu alirudi Jumanne, kabla hakujapambazuka. Anasema alipanda taratibu kama mtu aliyebeba kabati, akafika mbele ya mlango wetu, akasimama, akakohoa mara mbili, kisha akageuka akashuka bila kubisha hodi. Mama Ngazi mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango wake, anasubiri birika lichemke. Hakufungua. Anasema mlango wa mke na mume haufunguliwi na jirani, na hilo kwake ni jambo jipya, maana milango mingine yote ya jengo hili ameshaifungua.

Jina hilo alipewa na wapangaji kwa sababu anaishi ngazini kuliko chumbani. Kigoda chake kipo kwenye kona ya ghorofa ya pili, na ukipita na mfuko atautazama mfuko kwanza ndipo aitikie salamu. Lakini si mwongo. Chumvi huongeza, ila huiongeza kwenye chungu ambacho tayari kina kitu.

Habari yenyewe alimpa mama asubuhi ile ile, mimi nimeshakwenda kazini. Alimwambia, "Jirani, mumeo nimemsikia ngazini leo alfajiri." Hayo tu. Ya kusimama na ya kukohoa yalikuja baadaye, kadiri mama alivyomuuliza.

Jioni niliporudi nilikuta begi la mama limefunguliwa. Nguo nilizompangia tangu Jumapili zilikuwa zimerudi kabatini, moja moja, bado na mikunjo yangu. Kuna kitambaa ninachokiviringisha na kukisukuma chini ya mlango ili upepo wa ngazini usiingie. Alikuwa amekitoa. Kiti alikuwa amekisogeza hapo hapo mlangoni, ameketi na blanketi mbili mabegani, sikio limeelekea nje.

"Siendi," alisema. "Baba yako yupo."

Nilikaa kitandani nikavua viatu. Nilingoja moyo useme kitu. Haukusema.

Alikuwa aende kwa dada yake. Mama ana kifua, na daktari wa zahanati alimpima mara tatu. Mara ya tatu aliniita pembeni akasema mapafu yale hayatavumilia baridi nyingine kama hii, atafutiwe mahali pa joto kabla mwezi haujaisha. Mama mkubwa anaishi huko chini kwenye joto, ambako watu hulala madirisha wazi. Alishamtengea chumba chenye jua. Gari lilikuwa lije Jumamosi asubuhi. Ilituchukua miezi miwili, mimi huku na mama mkubwa kwenye simu, mpaka mama akasema haya, atakwenda. Kabla ya hapo jibu lake lilikuwa moja tu: mumewe akirudi akakuta mlango umefungwa, atakwenda wapi?

Baba alikuwa fundi wa tanuri kwenye kiwanda cha mbao, yule anayechochea moto wa kukaushia mbao mbichi. Miaka mitatu iliyopita alipanda milimani na kikosi cha wakata miti, kazi ya wiki sita. Wenzake walirudi. Yeye, walisema, alitoka kambini asubuhi ya ukungu kwenda kutazama mti mmoja aliokuwa ameuwekea alama, hakuonekana tena. Walimtafuta siku nne. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna cha kushika. Mama alilia mwaka mzima. Mimi sikulia, na watu wakasema binti yule ana moyo mgumu. Haukuwa mgumu. Ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Sisi tunasema mtu husikia. Husikia sauti, husikia harufu, husikia njaa, husikia uchungu. Mimi kwa miaka mitatu nilikuwa nasikia baridi tu.

Kazi yangu ni kupiga pasi kwenye duka la dobi. Mwaka jana, baridi inaanza, mteja mmoja alileta koti zito la sufu. Nililitandikia kitambaa chenye maji, nikashusha pasi, mvuke ukapanda, na ndani ya mvuke kulikuwa na moshi wa msonobari na utomvu wake. Ni harufu ile ile iliyokuwa ikimtangulia baba akiingia nyumbani majira kama haya. Ilikuwa inafika yeye bado anahangaika na kamba za viatu kizingitini. Nililaza uso juu ya koti la watu. Dobi akaniambia kama nimechoka kuna magodoro ya wateja kule nyuma, yana nafasi zaidi.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda kwa muuza marashi, kile kibanda cha mafuta ya kuchanganya. Sikujua jina la ninachokitaka. Shule ya msingi haikutufundisha majina ya harufu. Nilimwambia nataka harufu ya mtu aliyetoka kwenye baridi akaingia ndani, moshi bado umo kwenye sweta. Alinitazama kwanza. Alisema wanawake humjia kuomba waridi na yasmini, mimi namwomba tanuri. Lakini alikaa akanichanganyia: mafuta ya msonobari, mafuta ya mwerezi, na ya tatu meusi mazito kama lami, ambayo aliyachovya kwa ncha ya kijiti tu. Haya yakizidi tone moja, alisema, utakaa kwenye foleni na watu wataita zimamoto. Akanionya pia nisiyapake kwenye jua. Ni mafuta ya baridi. Kwenye joto yananuka kama rangi ya mlango. Kwenye baridi yananukia.

Tangu hapo ndivyo nilivyokuwa nikianza siku. Kichupa kinalala dirishani, mafuta yanaganda, nakibana kwapani wakati navaa soksi mpaka yalegee. Nyuma ya shingo kidogo, kwenye mishipa ya mikono kidogo, sweta juu yake. Mwanzoni mimi mwenyewe sisikii kitu. Nikishatembea mwili ukapata moto, au nikisimama mbele ya pasi, ndipo yanapanda kwenye kola: moshi kwanza, kisha kama tawi bichi lililovunjwa. Dobi huuliza leo msitu gani umeungua. Nami napiga pasi mashati mawili matatu nikiwa nimepungukiwa na ganzi. Si furaha. Ni kama vile mguu unapoanza kuchomachoma. Jioni nikipanda ngazi yameshaisha nguvu.

Mama hakuwahi kuyasikia. Kila asubuhi na kila jioni namchua kifua kwa dawa ya kopo, ile inayochoma macho, na akishachuliwa pua yake haijui kingine. Ningeweza kumwambia. Sikumwambia, kwa sababu ilikuwa yangu.

Jumanne ile mama aliponieleza kwamba baba alikohoa mara mbili, nilianza kuwa na wasiwasi. Jumatano sikujipaka. Nilipotoka kazini nilisimama mbele ya kigoda cha Mama Ngazi, nikamwamkia, nikangoja autazame mfuko wangu mpaka aridhike. Kisha nikamuuliza alimsikiaje baba.

"Kwa pua, mwanangu," alisema. "Kwani baba yako alikuwa anasikika kwa kipi kingine? Ule moshi wake wa mbao, nani asiyeujua? Umejaa hapa ngazini nikadhani yupo kwenye kizingiti changu."

"Mama anafikiri ulisikia sauti."

"Mimi nilisema nimemsikia. Kama yeye alisikia vingine, masikio ni yake." Akafikiri kidogo. "Kikohozi lakini ni cha masikio. Hicho sikukinusa."

Kikohozi kilikuwa changu. Jumanne nilishuka mpaka mlango wa chini nikakumbuka kwamba nimesahau skafu. Nikapanda tena, mwili umeshapata moto, nikasimama mbele ya mlango wetu na ufunguo mkononi. Kitasa chetu hulia kama mbuzi, na mama ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi. Baridi ikanikaba, nikakohoa, nikaona bora shingo yangu kuliko usingizi wake. Nikashuka. Huyo ndiye aliyerudi.

Nilipaswa kumwambia mama jioni ile ile ya Jumatano. Niliingia nikamkuta mlangoni, midomo imekauka, akaniashiria ninyamaze kwa sababu kulikuwa na mtu anapanda. Alikuwa ni mpangaji wa juu na ndoo zake. Mama akasema huyu anakanyaga kama asiyeoa. Alitabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu mwaka juzi, nikachukua kopo la dawa nikamchua kifua bila kusema neno.

Alhamisi kitambaa kilikuwa bado kimetolewa na upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango hadi miguuni pake. Nilikirudisha, nilipokwenda jikoni akakitoa tena kwa kidole cha mguu. Alisema kinaziba masikio ya nyumba. Kucha zake zilikuwa za rangi ya wino. Mama mkubwa alipiga simu, akaniambia nimwambie mdogo wake kwamba asipopanda gari Jumamosi atakuja mwenyewe ambebe mgongoni, kama alivyombeba utotoni. Nikafikisha. Mama akasema aje, ila awe na migongo miwili, maana safari hii wako wawili.

Alikohoa mpaka asubuhi. Mimi nililala pembeni yake nikihesabu kati ya kikohozi na kikohozi. Nilikuwa najua mambo mawili kwa wakati mmoja, wala hayakunisukuma popote: kwamba nikisema nitamuua baba, na kwamba nisiposema, kiti kile kitamuua mama.

Ijumaa jioni nilisema. Sikutafuta maneno. Nilikitoa kichupa kwenye mfuko wa sweta nikakiweka juu ya blanketi, mapajani mwake.

"Mama, aliyepita Jumanne ni mimi. Mama Ngazi hakusikia mtu. Alisikia harufu. Ni ya haya mafuta, huwa najipaka nikienda kazini."

Alikishika kichupa akakigeuza. Mafuta yalikuwa yameganda, hayakusogea.

"Na kukohoa?"

"Mimi."

"Na kusimama pale mlangoni?"

"Nilisahau skafu. Nikaona nisikuamshe."

Mtu alipanda ngazi, akapita, akaenda zake juu, na mama hakugeuza sikio. Nilijua basi kwamba ameamini. Nilingoja alie, au anitukane. Kutukanwa ningekuelewa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu baridi ya mwaka jana."

"Mwaka mzima unakwenda na baba yako kazini," alisema, "mimi nakaa hapa na kopo la dawa." Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayetaja mahali alipokuwa ameweka sindano. Kisha akanyoosha mkono. "Leta nisikie."

Nilikibana kichupa kwapani mpaka mafuta yakalegea, nikajipaka kwenye mshipa wa mkono, nikauweka chini ya pua yake. Akavuta pumzi, ikamkata katikati, akakohoa, akavuta tena. Nilimtazama machoni. Hakuna kilichotokea.

"Sisikii kitu," alisema. "Dawa tu."

Nikaondoa mkono. Niliviringisha kile kitambaa nikakirudisha chini ya mlango, naye safari hii aliniacha. Nikamsaidia kurudi kitandani. Nikatoa nguo kabatini nikaanza kuzipanga upya kwenye begi: za sufu chini, za pamba juu, kwa kuwa anakokwenda atahitaji za pamba kwanza. Alikuwa ananifuata kwa macho. Nilipofika kwenye soksi nilimuuliza, bila kugeuka, kama kesho anapanda gari.

Akasema, "Kaa."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Ilikuwa saa ya dawa, kwa hiyo nilichukua kopo nikafungua kifuniko, nikamfungulia vifungo vya gauni. Akaushika mkono wangu kabla haujafika kifuani.

"Usinichue leo. Wala kesho asubuhi. Nataka pua yangu ifunguke."

"Daktari amesema..."

"Namjua daktari. Sikiliza." Alipumzika kidogo, akakusanya pumzi. "Baba yako aliondoka hapa mimi nimelala. Alikuambia usimwamshe mama yako. Wewe ndiye ulimfungulia mlango."

Ni kweli. Nilimfungulia, nikashika kitasa kwa mikono miwili ili kisilie.

"Hakuniaga," mama alisema. "Miaka mitatu nangoja arudi, kumbe nangoja aage tu. Kesho, gari halijafika, jipake hayo mafuta. Shuka mpaka chini, halafu upande kama ulivyopanda Jumanne. Ukifika mlangoni simama. Usiseme kitu, usifungue. Ukae mpaka nikusikie. Kisha ushuke. Mimi nitajua la kufanya."

Nilitaka kumuuliza ni lipi hilo, kama ni kupanda gari au kurudisha kiti mlangoni. Alikuwa amefumba macho. Kifua chake kilikuwa wazi, mifupa inapanda na kushuka, na baridi ya chumba ilikuwa inakigusa.

"Utapita, mwanangu?"

Nilikuwa bado nimelishika kopo. Vidole viwili tayari vilikuwa na dawa.