Kumtoroka Mkaguzi

Mtoto hutorokwa. Ndivyo tulivyolelewa wote. Mama akitaka kwenda sokoni, anampa mtoto kijiko achezee, anazungukia nyuma ya nyumba, na mtoto akija kuinua kichwa, mama keshafika barabarani. Atalia, atanyamaza, atasahau. Hakuna aliyeona kuna ubaya hapo, ndiyo maana shule ilipofanya vilevile, mtaa mzima ulisema ni busara.

Aliyetorokwa ni binti wa darasa la pili, mwenye usonji, tuliyemwita Mkaguzi. Jina hilo alipewa na jirani yao, fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo usio na mlango. Watoto wengine wakipita kwa fundi wanasalimia. Huyu alikuwa anasimama kimya, anapanga viatu vya wateja pale kizingitini, pea kwa pea, kisha anaendelea na safari yake.

"Keshakagua," fundi alikuwa akisema. "Subirini ripoti."

Shuleni alipanga madawati. Darasa lao lilikuwa jumuishi, maana yake kila mtoto na hali yake humohumo, na mwalimu mmoja wa kuwatosha wote. Mwalimu mwenyewe, mama wa makamo mwenye sauti ya kunadi mitumba, alianza vibaya. "Niangalie nikikusemesha," alimwambia mtoto siku za mwanzo, kwa kuwa ndiyo heshima tunayoijua, akamshika kidevu amgeuze. Mkaguzi akamng'ata mkono. Mwalimu akaingia ofisini anachechemea utadhani kang'atwa mguu, wenzake wakamuuliza kulikoni.

"Nimegongwa muhuri," alisema.

Lakini hakumshika kidevu tena. Akaanza kuwahi asubuhi, na Mkaguzi akianza kupanga madawati upande wa dirisha, Mwalimu anaanza upande wa mlango, bila neno, wanakuja kukutana katikati. Akawa anakaa ubavuni mwake, si mbele yake. Akagundua kwamba kinachomvunja mtoto si masomo, ni ghafla: kengele ya ghafla, mgeni wa ghafla, mvua kupiga bati. Basi akawa anamtangulizia habari. "Kwanza hesabu, halafu kengele. Kwanza kengele, halafu kucheza." Darasa zima likaudaka usemi huo. Kuna mtundu mmoja wa nyuma alikuwa akiwanong'oneza wenzake, "Kwanza atafoka, halafu atacheka," na kweli Mwalimu alifoka, akacheka.

Siku moja Mkaguzi, ambaye kwa wageni hakuwa na neno, aliweka kiganja juu ya meza ya Mwalimu na kuuliza, "Halafu?"

Tangu hapo hayo ndiyo yakawa maongezi yao. Halafu? Halafu kuchora. Halafu? Halafu nyumbani. Mama yake aliyasikia siku moja alipokuja kumchukua, akashika uzio wa shule kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikwa na kizunguzungu.

Sifa hazina miguu, lakini hufika. Wageni wakaja kumtazama Mwalimu akifundisha, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na baada ya muda ikaja amri ya uhamisho: aende chuo cha mbali, akawafunze walimu wengine namna ya kuishi vizuri na watoto kama Mkaguzi.

"Usimuage," mwalimu mkuu alimshauri, na hakuwa mtu mbaya. "Ukimuaga atalivuruga darasa, na huyo mwenzako anayekuja ataanzia wapi?"

Hata mama mtu alikuwa upande huo. "Mwalimu wangu, mimi mwenyewe nikienda sokoni namtoroka. Usijipe presha."

Mwalimu alijua si hivyo. Hapakuwa na mtu pale aliyejua kumzidi. Ila kila alipojiandaa kumwambia, aliahirisha mpaka kesho, na sasa watu wazima wawili walikuwa wanamwambia asiseme. Akakubali haraka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ijumaa ya mwisho Mkaguzi aliweka kiganja mezani.

"Halafu?"

"Halafu nyumbani."

"Halafu?"

"Halafu Jumatatu," Mwalimu alisema. Hakusema Jumatatu na nani. Watoto walipotoka kwenda uwanjani, alipitia nyuma ya jiko la shule, mkoba ameuficha chini ya mtandio.

Jumatatu alikuwepo mwalimu mpya, msichana mwema, ameshaelekezwa kila kitu. Aliwahi. Alipanga madawati kuanzia upande wa mlango. Mkaguzi aliingia, akamtazama, akaenda kukaa sakafuni, uso ameelekeza mlangoni. Alikaa hivyo mpaka mchana. "Kwanza tutasoma," mwalimu mpya alimwambia kwa upole, "halafu..." Mtoto akapiga ukelele ambao mama wauza vitumbua, nje ya geti, waliusikia wakasimama.

Siku zilizofuata aligoma kuvuka geti. Kisha akagoma kuvaa sare. Kisha hata lile neno lake moja likakauka. Fundi cherehani akafanya hila: akavivuruga viatu vya wateja makusudi, akavirusha huku na kule, akasubiri. Mkaguzi akapita juu yavyo, akavikanyaga, hakuinama. Siku hiyo fundi hakumsimulia mtu yeyote jambo lolote.

Mama akapiga simu. "Hajasahau," alisema, na hakuweza kuendelea.

Mwalimu alikuja na basi siku ya mapumziko. Mama alimpokea mlangoni, akamvutia pembeni kabla hajavua viatu.

"Mkuu anasema asipoingia darasani Jumatatu hii, nafasi wanampa mwingine. Mwambie unarudi. Mwambie tu hivyo, aingie. Ya mbele tutayajua mbele."

"Mama Mkaguzi, sirudi."

"Najua hurudi. Nakwambia umwambie."

Mtoto alikuwa kwenye mkeka, amegeukia ukuta. Mwalimu alikaa ubavuni mwake, wote wawili wakawa wanautazama ukuta. Mama akaleta chupa ya chai na vikombe, akabaki amesimama kizingitini, macho yanamsihi Mwalimu.

"Nilikutoroka," Mwalimu alimwambia mtoto. "Sikukwambia, na nilitakiwa nikwambie. Leo nakwambia. Kwanza nakunywa chai. Halafu naondoka. Shuleni sirudi, yupo yule dada."

"Umenimaliza," mama alisema taratibu.

Mkaguzi hakupiga kelele. Mwalimu alikunywa chai yake bila haraka, na kikombe kilipokaribia kuisha, mtoto aligeuka, akaivuta ile chupa, akamjazia mpaka ukingoni. Hakumtazama usoni. Alikitazama kikombe.

Mwalimu akanywa. Kikifika nusu, mtoto anajaza. Mama alicheka kidogo, halafu akaelewa kinachofanyika, akakaa chini palepale kizingitini na kujifunika uso. Chai ilikuwa inapoa, Mwalimu tumbo limemjaa, na bado alikunywa, kwa mafunda madogo ya mgonjwa. Hatimaye chupa ikatoa matone. Mtoto akaiinamisha kabisa, akaitikisa, akaitikisa tena.

"Nichemshe nyingine?" mama aliuliza.

Mwalimu alitamani kusema ndiyo kuliko alivyowahi kutamani kitu. "Hapana," alisema. "Chai imeisha."

Akamaliza kilichobaki, akasimama, akatokea mlango wa mbele, mtoto akimwona.

Alifika kwa fundi cherehani ndipo kilio kikaanza nyuma yake. Fundi alisimamisha mashine.

"Rudi basi. Humsikii?"

"Namsikia."

"Sasa?"

"Nimemwambia naondoka, dada. Nikirudi sasa, nimemdanganya tena."

Fundi alimtazama, akaingia ndani kuchukua mtandio wake, akampokea mkoba. Walitembea pamoja mpaka kituoni, kilio kikiwafuata hadi kona, na hakuna aliyegeuka. Jumatatu mwalimu mpya aliwahi kama kawaida, akapanga madawati peke yake mpaka akayamaliza, akasimama mlangoni kusubiri. Kengele ikapigwa. Mkuu akamleta mtoto mwingine, amemshika mkono.