Pacha wa Mia Mbili

Ngosha hakuwa mtu wa kukaa. Shule aliiacha kidato cha pili kwa sababu hiyo hiyo. Halafu shangazi yake Rebeka akampa kazi ya kukaa tu, mlangoni mwa choo cha kulipia karibu na kivuko cha kwenda Nansio: pokea mia mbili, toa karatasi, sema karibu. Angeshatoroka siku ya tatu kama si lenzi aliyoinunua kwa fundi saa wa Mabatini.

Kwa lenzi hiyo aliona sarafu moja ya mia mbili ambayo mkia wa ile namba mbili umejirudia. Kamstari kembamba pembeni, kama unavyoona vitu viwili viwili ukilewa. Akaipeleka mbio Ilemela kwa mzee Nathaniel, anayekusanya sarafu zenye makosa ya kiwandani.

Mzee aliitazama nusu dakika. "Imekwaruzwa hii."

"Siyo mkwaruzo, mzee. Nimeona."

"Umeona alama za waya wa kusugulia sufuria. Mmeisugua."

Kuhusu kusugua, ilikuwa kweli. Wenye maduka wanazikunjia pua hela za chooni, kwa hiyo kila jioni shangazi anazimwaga kwenye beseni, anazisugua kwa mchanga na waya mpaka zing'ae.

"Kama ni kosa la kiwandani," mzee akasema, "basi lipo kwenye muhuri uliogonga sarafu. Zitakuwepo nyingine zenye kosa hilo hilo, palepale. Niletee pacha wake, ambaye hajasuguliwa. Bila hivyo, kijana, umeniletea tongotongo zako."

Tongotongo! Neno hilo lilimkaa kooni njia nzima. Habari ya kuiuza sarafu akaisahau kabisa. Alichotaka sasa ni yule mzee ameze alichosema.

Jioni akaling'ang'ania beseni. "Shangazi, kuanzia leo naosha mimi."

"Wewe? Ambaye soksi zako zinasimama zenyewe?"

"Naosha mimi. Sabuni na kitambaa. Waya usiguse."

"Wakizikataa dukani?"

"Nitazinusa mbele yao."

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini waya aliuacha.

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ngosha alitazama kila sarafu palepale mlangoni, foleni ikirefuka, watu wakinung'unika.

"Dokta," abiria mmoja akamwuliza, "hela yangu ina malaria?"

"Ina minyoo. Pita."

Macho yaliwasha, shingo ikakaza. Akajifunza kuachana na picha ya simba, kuachana na maandishi, kutazama mkia wa ile mbili tu. Kulikuwa na siku alitaka kuitupa lenzi ziwani. Halafu anakumbuka tongotongo, anaokota nyingine.

Wiki ya tatu, Alhamisi asubuhi, akashuka mama mmoja kutoka Nansio, jogoo mkono huu, mzigo mkono ule, mia mbili kaibana kwa meno.

"Toa mwenyewe, baba, nimebanwa!"

Ngosha akaitoa, akaiweka chini ya lenzi. Mkia ulikuwa umejirudia. Upande uleule, urefu uleule. Akaigeuza, akairudisha, akatazama tena mara nne. Hakuifuta hata mate.

"Shangazi! Shika mlango!"

"Unaenda wapi na foleni hii?"

Ngosha alishafika barabarani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umerudi na tongotongo?"

Ngosha akazipanga sarafu zote mbili mezani, akasimama. Mzee Nathaniel akachukua lenzi yake kubwa. Akatazama ya kwanza. Ya pili. Akarudi ya kwanza. Akaisogeza meza dirishani, akaanza upya, na safari hii nusu dakika haikumtosha. Mkewe alikuja na chai, akaiweka, akaondoka bila kuuliza.

"Palepale," mzee akasema mwishowe, polepole, kama anayeng'olewa jino. "Uliona kweli."

"Sema tena."

"Nini?"

"Hilo la mwisho, mzee. Kwa sauti."