Vigingi vya Mbalamwezi

Mwanvua alikuwa na udhaifu mmoja: mtu akimheshimu, hawezi kumkatalia kitu. Ndiyo maana Yunisi, msanifu majengo aliyepewa kazi ya kuchora ghala la akina mama wanaoanika dagaa kando ya ziwa, Kibirizi, alipopima uwanja kwa tepu, akapiga vigingi vinne katikati kabisa na kuuliza, "Hapa panafaa, mama?", yeye mwenyekiti wa kikundi alijibu, "Panafaa, mwanangu."

Hapakufaa hata kidogo. Yunisi alikuja siku za mbalamwezi, wakati taa za wavuvi za kuvutia dagaa usiku hazina kazi na mitumbwi imepumzika, akakuta uwanja mtupu na mbuzi wawili wamelala. Wenyeji walijua kwamba giza likirudi, mchanga ule hauna pa kukanyaga kwa dagaa, na ukisimamisha ukuta pale katikati, umeziba upepo unaowakausha. Lakini ghala lenyewe walikuwa wamelililia miaka tisa, kila masika yakiwaozeshea mzigo. Nani amwambie injinia, kama walivyomwita, kwamba amekosea, afunge daftari lake aende kwa wengine? Siku kumi zikapita, vigingi vikiwa palepale.

"Wewe ndiye mwenyekiti, nenda kaseme," Anifa, jirani yake wa uwanjani, alimwambia Mwanvua.

"Nenda wewe mwenye mdomo."

Anifa akainama, akaendelea kuchambua dagaa wake.

Asubuhi moja, mitumbwi ikiwa ndiyo kwanza inagusa mchanga, Mwanvua akamkuta Yunisi ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, viatu vimelowa.

"Mwakeye, mama," alimwamkia kwa lugha ya wenyeji. "Shikamoo."

"Marahaba. Ramani imekwisha?"

"Hata sijaanza. Juzi nikiwa nyumbani Katubuka niliona taa zimejaa ziwani. Nilipokuja kupima hazikuwepo. Nikajua nimepima mahali palipolala. Leo nimekuja kukaa tu."

Na kweli alikaa, mtoto wa watu. Kreti yake aliihamisha mara sita kuwapisha dagaa, bila kununa. Alifunga kipande cha kanga juu ya mti, akaandika upepo unatoka wapi na umeongezeka saa ngapi. Alimfuata Anifa mwenye beseni kichwani kutoka majini hadi barabarani, akihesabu hatua, na aliporudi alitaka kubeba beseni yeye mwenyewe aone linavyolemea. Likamwagika nusu, wanawake wakamcheka, naye akacheka nao huku akiokota. Aliuliza ziwa lilifika wapi mwaka ule lilipopanda. Mwanvua akamwonyesha kibanda kilichohamwa, alama ya maji ikiwa usawa wa kiuno ukutani, na Yunisi akaipima alama ile mara mbili.

Mwanvua alimtazama na moyo ukamjaa. Hakuwahi kuona msomi akifanya bidii namna ile kwa ajili ya dagaa.

Kufika saa tano, vigingi vyote vinne vilikuwa vimezungukwa na dagaa pande zote. Yunisi alivitazama, kisha akamgeukia Mwanvua.

"Mama, mlijua?"

"Tulijua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tuliogopa utaondoka na ghala letu," alisema Mwanvua, macho chini. "Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyesema panafaa."

Yunisi alivua viatu, akapita katikati ya dagaa kwa ncha za vidole, akang'oa vigingi vyake kimoja kimoja mbele ya uwanja mzima. Mwanvua alikwisha kuwaona wakubwa waliotetea kosa lao mpaka likapauliwa bati. Huyu alirudi na vigingi mkononi, mchanga magotini, wala uso haukumshuka.

"Nipeleke panapofaa," alisema.

Mwanvua akamtangulia, wakapita kibanda chenye alama ya maji, wakapanda hadi nyuma ya uwanja, kando ya njia ya mabeseni. Mahali pale alikuwa amepachagua moyoni miaka yote tisa. Yunisi alipiga magoti, akakigonga kigingi cha kwanza kwa jiwe, kisha akainua uso.

"Hapa panafaa, mama?"

Mwanvua alitazama njia, akatazama kanga ikipepea kule chini.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Sogea hatua tatu huko juu, mabeseni yapate njia."

Yunisi akaking'oa, akasogea.