Mama Wote wa Yves

Mwalimu Bulaimu alikuwa sokoni Kasongo, akibishana na muuza samaki juu ya kambale mwenye harufu, Marie-Thérèse wa Lusangi alipomkuta. Mama huyo alikuwa ametoka kwao kwa pikipiki kupitia Kabambare, na barabara ile tusiizungumze. Vumbi lilimjaa mpaka kwenye kope. Alitaka shairi.

Washairi wa matanga wako wengi, lakini Bulaimu alikuwa amewapita wote tangu alipoanza kusoma vitabu vya marehemu babu yake. Vilikuwa vitabu vya nyota, vya herufi za Kiarabu, naye alivichanganya na vijitabu vya Kifaransa vya wale watu wanaosali milango imefungwa. Zamani alimsifu marehemu kwa shamba lake na vichekesho vyake, basi. Siku hizi alipiga hesabu ya jina la mtu na jina la mama yake, akapata nyota, na nyota ikamchagulia vina. Mashairi yakawa matamu, yenye baridi fulani, na marehemu wenyewe wakawa wanakuja kuyasikiliza. Walikaa nyuma, wakaaga, wakaondoka. Watu walizoea, mwenye msiba aliongeza kiti, ndiyo hivyo. Ni mkewe tu, Subira, aliyekataa kulala chumba kimoja na vitabu vile.

"Mwalimu," Marie-Thérèse alisema, "mutoto wangu Yves alishuka mu shimo ya zahabu ya Gédéon, hakupanda. Gédéon anasema iko Bukavu. Mimi sijui nilie ao ningoje."

"Na kama iko muzima?"

"Hatakuja. Lakini kama amekufa, atakuja, nami nitaomba Gédéon maiti yake, nizike mutoto wangu. Sitaki kingine."

Kitabu kilisema wazi: jina la mama, mmoja. Lakini kule Kabambare, wapi mtu ana mama mmoja! Dada za mama ni mama, na kumruka mama mdogo katika shairi la matanga ni kumtukana mbele ya watu. Ziko familia hazijasalimiana mpaka leo kwa sababu hiyo. Bulaimu alikuwa mtu wa adabu, akawatia wote: Marie-Thérèse na dada zake, Emilienne na Dieudonnée. Hesabu ikatoka kubwa mno, na nyota yake haikuwemo kitabuni. Akaandika hivyo hivyo.

Alilisoma Lusangi, alasiri, uwanjani kwa Marie-Thérèse. Gédéon, ambaye wachimbaji humwita PDG, bosi mkuu, kwa kuwa shimo ni lake, alikaa mbele, shati limenyooshwa kwa pasi. Emilienne na Dieudonnée walikuwa wakipakua mboga ya sombe, roho zimetulia. Wana wao, wachimbaji wa shimo lile lile, nao walikuwa Bukavu, na Gédéon aliwaletea salamu zao mara kwa mara.

Yves alikuja kwenye ubeti wa pili, tope mpaka shingoni. Marie-Thérèse alipiga yowe, kisha akampa kiti. Ubeti uliofuata ulimleta Célestin wa Emilienne, na nyuma yake Amuri wa Dieudonnée. Dieudonnée alikuwa bado ameshika mwiko. Alimgeukia Gédéon, akauliza taratibu:

"Na ile salamu ya juzi?"

Gédéon alisema siku hizi simu zinakatika sana.

Bulaimu alitamani kunyamaza, lakini shairi la nyota halikatwi katikati. Alilimaliza, akaogopa kweli. Marehemu wake wa siku zote huaga na kuondoka. Hawa hawakuaga. Walikaa tu, wakitazama mikono yao.

Marie-Thérèse akapiga magoti mbele ya Gédéon, akaomba kazi isimame na maiti zitolewe. Wazee wakasema ni haki yake. Mtu wa serikali, aliyekuwa anakula, akasema ataandika ripoti barabara ikitengenezwa. Gédéon akasema atafikiri.

Asubuhi akawapa wale watatu makoleo. Walishuka bila kubisha, maana njia ya shimo walikuwa wanaijua, na chakula hawakuomba. Jioni walipanda na wengine, wakapita kusalimia mama zao, wakarudi kukaa mlangoni pa shimo. Katekista alisema hawezi kusalia matanga ya mtu anayeonekana akitoka kazini. Bulaimu alipekua vitabu vyote, vya babu na vya Kifaransa. Namna ya kuwarudisha kuzimu ilikuwemo, nayo ilitaka udongo wa makaburi yao.

Basi Marie-Thérèse akamfuata Gédéon shimoni.

"PDG, nakuomba maiti ya mutoto wangu."

Gédéon alikuwa akila kiazi. Alimwonyesha kwa kidole Yves, aliyekuwa anapanda na gunia begani.

"Ee mama," alisema kwa upole, "mutoto si huyu hapa? Sasa tuzike nani?"